Flerovi, elementi ya 114: je, ni risasi iliyoongezwa uzito, au ni kitu kingine?

Mwalimu wa S.5 (Mbarara) ameuliza:

Salaam kwenu nyote, na hasa walimu wenzangu wa kemia. Nimefundisha kundi la nne la mfumo radidia kwa miaka kumi na mmoja, nami nilidhani nalijua vya kutosha, hadi wiki iliyopita nilipowapa wanafunzi wangu zoezi la kufanya nyumbani. Niliwaambia kwamba tumekwisha kuona jinsi tabia zinavyobadilika tunaposhuka kutoka kaboni, silikoni, germani na stani hadi risasi. Sasa washuke ngazi moja zaidi na kubashiri tabia za flerovi, elementi ya 114, ambayo hutengenezwa na binadamu tu na haijawahi kuonekana kwa macho ya mtu yeyote.

Majibu karibu yote yalifanana, nami niliyatarajia: metali ya kijivu, laini, nzito kuliko risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 300 za Selsiasi, na ambayo oksidi yake ya valensi mbili ni imara kuliko ile ya valensi nne. Nikaweka alama za vema. Msichana mmoja, hata hivyo, aliandika kwamba flerovi huenda ikawa kimiminika, au ikageuka mvuke kwa urahisi kama zebaki, na kwamba haitapenda kuungana na chochote. Sababu aliyoitoa ilikuwa sentensi moja tu: "Ikiwa elektroni mbili za nje zinazidi kuwa bwete kadiri tunavyoshuka, mwisho wake elementi nzima itakuwa bwete." Nilimnyima alama zote sita, kwa wino mwekundu. Jioni, nilipokuwa nikipanga madaftari, sentensi ile ilinirudia, na nikagundua kwamba sina hoja ya kuipinga zaidi ya mazoea yangu.

Naomba msaada wa mtu anayelifahamu jambo hili. Madaftari yanarudi kwa wanafunzi Jumatatu.


Mwanafunzi wa Uhandisi (Kampala) amejibu:

Mwalimu, mrudishie binti huyo alama zake zote. Flerovi ni gesi adimu, yaani gesi isiyopenda kuungana na elementi nyingine, ingawa imewekwa chini ya risasi. Niliwahi kusoma kwamba wanasayansi wa Dubna, nchini Urusi, waliipitisha juu ya dhahabu nayo ikakataa kunata mpaka ilipopozwa chini sana ya sifuri. Kitu kinachofanya hivyo si metali.


Mkemia wa Wandegeya amejibu:

Mwanafunzi wa Uhandisi amesoma kitu cha kweli, lakini ameishia katikati ya habari. Nitaanza na lile ambalo mwalimu analifundisha kila mwaka, kwa sababu jibu limejificha humo.

Tunawaambia wanafunzi kwamba katika risasi elektroni mbili za obiti ya 6s "zinakataa" kushiriki katika muungano, na ndiyo maana risasi hupenda valensi mbili kuliko nne. Wachache kati yetu huwaeleza kwa nini. Katika atomu yenye kiini kizito, elektroni za ndani kabisa hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa mno, na kanuni ya kukadiria kasi hiyo ni nyepesi: chukua idadi ya protoni ugawe kwa 137, upate sehemu ya kasi ya nuru. Kaboni ina protoni 6, kwa hiyo ni asilimia 4 tu, na hakuna la kutajwa. Risasi ina 82, ambayo ni asilimia 60 ya kasi ya nuru. Flerovi ina 114, na hapo tunafika asilimia 83. Kwa nadharia ya uhusianifu ya Einstein, elektroni inayokimbia hivyo hufanya kana kwamba uzito wake umeongezeka: katika risasi ni kama mara 1.25, katika flerovi ni kama mara 1.8. Obiti za aina ya s husinyaa, huvutwa karibu na kiini, na elektroni zake hushikwa kwa nguvu kiasi kwamba kuzitoa ni gharama.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya vitabuni tu na afungue boneti ya gari lolote. Mwaka 2011 watafiti wa Uppsala na Helsinki walipiga hesabu ya betri ya kawaida ya risasi na asidi, mara moja wakiwa na uhusianifu na mara nyingine bila huo, wakaona kwamba kati ya volti 2.1 hivi za kila seli, volti kama 1.7 hadi 1.8 zinatokana na uhusianifu. Betri ya gari ina seli sita. Bila Einstein, taksi zote za stendi ya zamani zingewashwa kwa kusukumwa.

Sasa tushuke kwenye flerovi. Risasi ina elektroni nne za nje: mbili katika 6s na mbili katika 6p. Zile za s ni bwete, na zile za p ndizo zinazofanya kazi. Darasani tunachora obiti tatu za p kama vyumba vitatu vinavyolingana kwa kila kitu, na kwa kaboni mchoro huo hauna kosa. Katika elementi nzito sana vyumba hivyo havilingani tena: kimoja hushuka chini kinishati, na kinatosha elektroni mbili, viwili hubaki juu, navyo vinatosha elektroni nne. Katika risasi mwachano huo upo lakini ni wa wastani. Katika flerovi ni mkubwa mno. Hesabuni: flerovi ina elektroni mbili katika 7s, ambazo ni bwete, na mbili katika 7p, ambazo zinajaza kile chumba cha chini barabara na kukifunga. Elektroni zote nne za nje zimepata mahali pa kutulia. Kwa hiyo sentensi ya msichana wako, mwalimu, ambayo yeye aliiandika kwa kukisia mwelekeo, ndiyo hoja ileile ambayo mwanakemia Kenneth Pitzer wa Berkeley aliichapisha mwaka 1975, akisema kwamba elementi za 112, 114 na 118 huenda zikawa gesi au vimiminika vinavyogeuka mvuke upesi. Wakati huo hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa imetengenezwa.

Ila "karibu bwete" haimaanishi "bwete kabisa", na hapa ndipo namwomba Mwanafunzi wa Uhandisi anisikilize. Jaribio la kwanza la Dubna, lililofanywa pamoja na watafiti wa Uswisi, lilitumia atomu zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na matokeo yake yalielekea upande wa gesi adimu. Baadaye watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walirudia kwa chombo kilichochuja takataka vizuri zaidi, na atomu za flerovi zilinata juu ya dhahabu katika joto la kawaida la chumba. Matokeo mapana zaidi waliyoyachapisha mwaka 2022 yaliendelea upande huohuo: flerovi hufunga muungano wa kimetali na dhahabu, ingawa ni dhaifu mno ukilinganisha na wa risasi. Basi ni metali, ila ni metali inayogeuka mvuke kwa urahisi wa kushangaza. Katika mfumo radidia jirani yake wa tabia si risasi iliyo juu yake bali ni zebaki na kopernisi, elementi ya 112.

Kuhusu uzito, wanafunzi wako wengine wameteleza pahali ambapo ningeteleza hata mimi. Atomu moja ya flerovi ni nzito kuliko atomu ya risasi, 289 kwa 207, hilo halina shaka. Lakini kama atomu hazishikani vizuri hukaa mbalimbali, na mahesabu ya miaka ya karibuni yanakadiria msongamano wa gramu 11.4 hivi kwa sentimita ya ujazo, ambao hautofautiani na wa risasi. Mahesabu hayohayo yanaweka kiwango cha kuyeyuka karibu na joto la chumba, ingawa kwa kosa linaloweza kufika nyuzi 50 juu au chini. Kuhusu oksidi hawakukosea sana: valensi mbili inatarajiwa, na valensi nne inatarajiwa kuwa ngumu kupatikana kuliko hata katika risasi.

Na kuhusu zile nyuzi 300 zao: stani huyeyuka kwenye 232 na risasi kwenye 327. Yaani mstari waliouvuta ulikuwa umekwisha kupinda kabla hawajafika chini.


Kijana wa Busia amejibu:

Nimesoma habari ya dhahabu na zebaki nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi nimekua kwenye mashimo ya dhahabu ya huku kwetu, na jambo hilo nililiona kabla sijaenda shule. Udongo uliosagwa hutiwa maji ndani ya beseni, kisha mzee mmoja humimina zebaki kiasi cha kuenea kiganjani na kuanza kuukanda kwa mikono mitupu, taratibu, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Zebaki huzunguka topeni na kuokota punje za dhahabu ambazo jicho halizioni. Baadaye hukamuliwa katika kitambaa, inabaki donge la kijivu lenye ukubwa wa punje ya mahindi, na donge hilo huwekwa juu ya moto wa mkaa. Zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki. Mama alikuwa akitufukuza tusisimame upande unaoelekea moshi, na leo najua alikuwa na haki, kwa sababu mvuke ule ni sumu inayoharibu neva.

Swali langu ni hili. Sisi tulijua kwamba zebaki imenata kwa sababu tuliona donge. Mkemia anazungumzia atomu mbili tatu, ambazo hata zikirundikwa hakuna hadubini ya maabara ya shule itakayoziona, na ambazo hazikai. Wanajuaje zilinata, na kwamba zilinata pale na si pengine?


Mkemia wa Wandegeya amejibu:

Ndugu wa Busia, umenipa mfano bora kuliko wangu, maana wale watafiti wanafanya kazi ya yule mzee, isipokuwa kinyume: dhahabu ndiyo imetulia, na kile kinachotafutwa ndicho kinachopita juu yake.

Kwanza wanaitengeneza. Plutoni-244 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini) hupakwa kwa unene mdogo mno juu ya karatasi ya titani, na karatasi hizo hufungwa katika gurudumu linalozunguka ili zisiungue. Kisha viini vya kalsiamu-48 hurushwa kwa karibu sehemu ya kumi ya kasi ya nuru na kuligonga gurudumu kwa siku na wiki. Takriban vyote hupita au huvunjika. Kimoja kimoja, kwa nadra, huungana na plutoni: protoni 94 na 20 zinafanya 114. Kiini kipya hutoka kikiwa na joto kali, hutema nyutroni tatu au nne, na kinachobaki ni flerovi-289 au flerovi-288. Mashine ikiwa na bahati hupata atomu moja au chache kwa siku.

Sumaku huitenga atomu hiyo na mkondo wa kalsiamu, gesi huibeba, nayo huingizwa katika mfereji mwembamba ambao kuta zake ni vigunduzi vya silikoni vilivyopakwa dhahabu, vimepangwa kimoja baada ya kingine. Mwanzo wa mfereji uko katika joto la chumba, na kadiri unavyosonga mbele baridi huongezeka hadi zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Risasi ingenata mlangoni. Radoni, ambayo ni gesi adimu, husafiri hadi mwisho kwenye baridi kali. Flerovi inaposimama mahali, haipiti muda ikatema chembe ya alfa ndani ya kigunduzi kilekile ilichokilalia, na kigunduzi hicho hupiga kelele. Inayobaki ni kopernisi-285, ambayo hukaa nusu dakika hivi kabla nayo haijatema alfa yake. Kisha elementi ya 110, ambayo kwa kawaida hupasuka vipande viwili. Mfululizo huo, wenye nishati zake na vipindi vyake, ni kama nyayo za mnyama mmoja tu. Kigunduzi cha kwanza kulia ndicho kinachosema atomu ilinata wapi. Kwa hiyo hawaioni flerovi ikiwa hai. Wanajua ilipokuwa kwa pahali ilipofia.


Mzee wa Arua amejibu:

Nawapongeza vijana kwa elimu, lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Kitu kinachoishi sekunde mbili, kisichochimbwa Kilembe wala popote, kinastahili vipi kupewa chumba katika mfumo radidia sawa na shaba, ambayo babu zetu waliifua? Na kama wanao uwezo wa kukitengeneza, kwa nini wasitengeneze chenye kudumu?


Mkemia wa Wandegeya amejibu:

Mzee wangu, swali la kwanza lina jibu lililokubaliwa kimataifa. Ili kiini kihesabiwe kuwa elementi kinatakiwa kidumu angalau sekunde 0.00000000000001, kwa sababu huo ndio muda unaokadiriwa kuhitajika ili kiini kijikusanyie elektroni zake kiwe atomu. Ukilinganisha, sekunde mbili za flerovi-289 ni muda mrefu mara trilioni 200. Kwa kemia hiyo ni starehe. Katika Kilembe haiwezi kupatikana kwa sababu, hata kama iliwahi kuzaliwa katika nyota zilizolipuka, aina tunazozijua zingekuwa zimekwisha kabla ya vumbi lake kupoa.

Swali la pili ndilo linalowakosesha watafiti usingizi. Viini navyo vina ngazi zinazojaa, kama elektroni, na kwa miaka mingi wananadharia wamesema kwamba kiini chenye protoni 114 na nyutroni 184 kingekuwa imara kuliko majirani zake, kama kisiwa katikati ya bahari ya viini vinavyovunjika. Flerovi-289 ina nyutroni 175. Zimepungua tisa. Ungedhani ni kuziongeza tu, lakini piga hesabu ya malighafi: plutoni-244 ina nyutroni 150, kalsiamu-48 ina 28, jumla 178. Hata kiini kipya kisipotema nyutroni hata moja, bado umepungukiwa na sita. Na hizo mbili zimekwisha kuchaguliwa kwa wingi wa nyutroni zake. Kalsiamu-48 ni chini ya asilimia 0.2 ya kalsiamu ya asili, na ni ghali kupita kiasi. Hakuna kuni nyingine ghalani. Tena, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 kutoka Darmstadt vilitia shaka kama namba 114 yenyewe ina uimara wa pekee tulioutegemea, kwa hiyo kisiwa chenyewe huenda kiko mbali kidogo na pale ramani ilipokichora.

Nyongeza ndogo kwa ajili ya mzee, kwa kuwa napenda historia. Jina flerovi lilipitishwa Mei 2012 kwa heshima ya maabara ya Dubna, ambayo nayo inaitwa kwa jina la Georgy Flyorov. Huyo ndiye aliyegundua mwaka 1940, pamoja na Konstantin Petrzhak, kwamba urani inaweza kupasuka yenyewe bila kuguswa. Kwa hiyo mfululizo wa elementi inayobeba jina lake mara nyingi humalizika kwa jambo lilelile alilolivumbua alipokuwa kijana.


Mwalimu wa S.5 (Mbarara) amejibu:

Nimewasoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na madaftari mkononi. Nimempa msichana huyo alama tano kati ya sita. Moja nimeizuia kwa sababu aliandika "haitapenda kuungana na chochote", na sasa tunajua kwamba inaungana na dhahabu, ingawa kwa uvivu. Mwanafunzi wa Uhandisi naye angepata tano kwa kosa hilohilo. Waliosema kwamba ni nzito kuliko risasi nimewaandikia pembeni: "Atomu, au sentimita ya ujazo?" Wino mwekundu wa daftari lake haufutiki, hivyo nimebandika karatasi nyeupe juu ya ukurasa huo na kuandika upya, pamoja na neno la kumwomba radhi.

Mchana huu alikuja ofisini kabla sijamwita. Hakuuliza alama. Aliuliza: ikiwa 114 imetulia kwa sababu chumba cha chini kimejaa, je, 113 na 115 zitakuwaje?


Mkemia wa Wandegeya amejibu:

Mwambie amefika mwaka 2024. Watu walewale wa Darmstadt walizipitisha nihoni, ambayo ni 113, na moskovi, ambayo ni 115, katika mfereji wa aina ileile, na zote mbili zilionekana kupenda muungano zaidi ya flerovi iliyo katikati yao. Moja imepungukiwa na elektroni ya kukifunga chumba, nyingine ina moja iliyozidi ambayo imelazimika kupanda juu.


Mwalimu wa S.5 (Mbarara) amejibu:

Asante. Sitamwambia bado. Nimempa karatasi tupu, na nimemwambia aniletee ubashiri wake Jumatano.